Ushauri nasaha kwa watoto: tathmini ya babu anayelea mjukuu mwenye hofu ya shule

Naandika kwa ajili ya mzazi au mlezi mwenye mtoto ambaye tumbo humuuma kila asubuhi ya siku ya masomo, daktari ameshampima na kuona hana ugonjwa, na siku za mapumziko tumbo hilohilo hutulia. Mjukuu wangu wa miaka 12 alikuwa hivyo. Tunamlea mimi na bibi yake. Alianza kwa kuchelewa, ikafuata kukosa vipindi vya kwanza, hatimaye akagoma kutoka kitandani. Daktari wa watoto aliyempima tumbo ndiye aliyetuelekeza kwenye kituo hiki cha ushauri. Sasa anakwenda shule. Hofu haijamwisha yote, na nitaeleza kwa nini sihesabu hilo kuwa upungufu wa huduma.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Mtu akiniambia mtoto anaendelea vizuri, nataka kuona alianzia wapi na sasa yuko wapi. Ndiyo maana kitu cha kwanza kilichonipa imani na kituo hiki ni dodoso walilotupa kabla hata ya mazungumzo kuanza. Lina maswali 25 tu. Lilibuniwa na Robert Goodman, daktari wa akili wa Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997, na leo linatumika katika lugha nyingi. Kila swali lina majibu matatu: si kweli, kweli kwa kiasi, kweli kabisa. Maswali yamegawanyika katika mafungu matano: hisia, tabia, kutotulia, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia wengine. Manne ya kwanza hujumlishwa kupata alama za matatizo, kuanzia 0 hadi 40. Fungu la tano husimama peke yake, kwa sababu linapima wema wa mtoto. Nilipenda sana kwamba wema nao unapimwa. Mtoto aliyezoea kuulizwa makosa yake tu huona kuwa mshauri anamtazama kwa pande zake zote.

Walezi tulijaza letu, mwalimu wa darasa akajaza lake, na mjukuu, kwa kuwa alikuwa amevuka miaka 11, akajaza lake mwenyewe. Mshauri akaziweka karatasi tatu mezani zikiwa sambamba. Karatasi ya mwalimu ilionyesha mtoto asiye na tatizo lolote. Yetu ilionyesha wasiwasi wa wastani. Ya mtoto, kwenye fungu la hisia, ilikuwa karibu na kilele. Bibi yake alikaa kimya, nami sikuwa na la kusema. Mshauri alitueleza kwamba watoto wa aina hii wanapotea hivyohivyo mbele ya macho yetu: hawapigani, hawapigi kelele, wanamaliza kazi zao, basi kila mtu mzima anadhani wako salama. Mwalimu hakuwa amesema uongo. Alijaza alichokiona. Kuanzia siku hiyo tulijua kwamba kumtazama mtoto huyu hakutoshi, ni lazima aulizwe.

Jambo la siri lilishughulikiwa mapema, na vizuri. Tukiwa wote chumbani, mshauri alimwambia mjukuu kwamba atakayoyasema ni yake, na babu na bibi hatutapewa taarifa ya kila neno. Kisha akataja mambo matatu ambayo hataweza kuyafungia: akiwa katika hatari ya kujidhuru, akiwa na nia ya kumdhuru mwingine, au kukiwa na mtu anayemdhuru yeye. Aliyasema taratibu, akamwuliza kama ameelewa, akamwomba ayarudie kwa maneno yake. Nimeshasikia walezi wakilalamika kwamba kufichwa mazungumzo ya mtoto wao ni kunyang'anywa ulezi. Mimi naona kinyume. Mjukuu alianza kusema pale tu alipohakikisha kwamba sebule ya nyumbani haitasikia.

Pia walimwuliza moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujiua. Bibi yake alishtuka, akasema, "Mwanangu, si unampa mtoto mawazo hayo?" Mshauri akamjibu kwa heshima: "Hapana, mama. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Kama analo, kunampa ruhusa ya kulitaja." Hivyo ndivyo linavyoshauri hata Shirika la Afya Duniani, na suala lenyewe si dogo: kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Mjukuu alijibu hapana, akiwa ametulia. Kituo kinachoogopa kuuliza swali hilo mimi nisingekikabidhi mtoto.

Mwanzoni hakuwa msemaji. Hapo nilishuhudia ustadi ambao sikuutarajia. Mshauri alichora mstari usio na umbo, akampa mjukuu kalamu aukamilishe uwe kitu chochote, kisha mjukuu naye akachora wa kwake, mshauri akaukamilisha. Mchezo huo ulitumiwa na Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza wa karne iliyopita, kuzungumza na watoto ambao maneno yamewagomea. Mstari wa pili mjukuu aliugeuza kuwa ubao wa darasa wenye macho mengi. Kwa wadogo zaidi kuna chumba cha michezo chenye vikaragosi, udongo wa kufinyanga na nyumba ya wanasesere. Sikukitumia, kwa hiyo sitakisemea zaidi.

Sasa tiba yenyewe, iitwayo tiba ya fikra na tabia (CBT). Inatokana na kazi ya Aaron Beck wa Marekani, aliyeanza miaka ya 1960 na watu wazima wenye sonona, na baadaye wataalamu kama Philip Kendall wa Chuo Kikuu cha Temple wakaitengeneza ifae watoto wenye wasiwasi. Kikao ni dakika 50, mara moja kwa wiki. Vikao vya mwanzo vilikuwa masomo ya mwili. Mjukuu alifundishwa kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala inayopiga kengele ya hatari kabla akili haijapata nafasi ya kupima, kwamba kengele hiyo huharakisha moyo na pumzi na kupunguza kazi ya tumbo, na kwamba maumivu yake kwa hiyo ni ya kweli, hajayatunga. Maneno hayo yalimtuliza kuliko dawa yoyote ya tumbo aliyowahi kunywa. Kumbe muda wote alikuwa akiogopa mambo mawili: shule, na sisi kumwona mwongo.

Baada ya hapo walijenga ngazi ya hofu. Mtoto mwenyewe ndiye anayeorodhesha yanayomtisha na kuyapa alama kuanzia 0 hadi 10. Kufika getini shule ikiwa imefungwa: 2. Kukaa ofisini kwa mwalimu wa ushauri kipindi kizima: 4. Kuingia kipindi cha sayansi, anachokipenda: 5. Kuuliza swali darasani: 8. Kusimama na kusoma kwa sauti mbele ya wenzake: 10. Wakaanza na la chini. Kanuni ni kwamba mtoto hapandi ngazi inayofuata mpaka hii aliyopo iwe imemchosha kwa mazoea, na akiwa juu yake haondoki wakati hofu imepanda. Hubaki pale, aone kwamba inaweza kushuka yenyewe bila yeye kukimbia. Akikimbia, ubongo huandika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho kengele inalia kwa nguvu zaidi.

Kila jaribio liliandikwa kwenye karatasi ya safu mbili kama daftari la hesabu: kushoto anachotarajia kitatokea, kulia kilichotokea. Nimeziona baadhi kwa ruhusa yake. Kushoto: "Nitatapika, wote watacheka." Kulia: "Mikono ilitetemeka. Mmoja alicheka, akanyamazishwa. Nikaendelea." Ukisoma karatasi za mwanzo na za baadaye unaona safu ya kushoto ikibadilika. Matarajio yanakaribia ukweli. Hakuna aliyemwambia "usiogope", neno ambalo sisi watu wazima tunalipenda na ambalo halijawahi kumsaidia.

Sehemu iliyostahili sifa kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kazi tuliyopewa sisi. Nilidhani tutakaa nje tukisubiri mtoto atengenezwe. Badala yake kulikuwa na vikao vya walezi peke yetu. Mshauri alieleza kwamba nyumba yenye mtoto mwenye hofu hujipanga polepole kuizunguka hofu hiyo, kwa mapenzi kabisa: mtu anamjibia wageni wakimsalimia, mtu anamwandikia mwalimu udhuru, mtu anakaa naye mpaka asinzie. Kila kimoja kinapunguza maumivu ya leo na kumfundisha mtoto kwamba bila mtu mzima hawezi. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale ameunda tiba inayofanywa na wazazi pekee, mtoto hata asipoingia chumbani kwa mshauri. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2020, wenye watoto 124, ulionyesha kwamba matokeo yake hayakuwa duni kuliko ya tiba anayopewa mtoto mwenyewe. Kituo hiki huchanganya zote mbili.

Tulitakiwa kuchagua jambo moja tu la kupunguza. Tulichagua simu. Mjukuu alikuwa akipiga simu kutoka shuleni tena na tena, akimwomba bibi yake aende kumchukua. Tuliandika barua fupi, tukamsomea jioni akiwa ametulia, tukimwambia kwamba kuanzia wiki inayofuata tutapokea simu moja kwa siku, na kwamba tunafanya hivyo kwa sababu tunaamini anaweza. Sentensi tuliyofundishwa ina nusu mbili na zote zinahitajika: "Najua ni vigumu kwako, na najua unaweza kuivumilia." Ukisema ya kwanza peke yake unamwacha mtoto ndani ya shimo. Ukisema ya pili peke yake unamdharau.

Wiki hiyo ya kwanza ilikuwa nzito, na ni afadhali walezi wengine wajue. Baada ya ile moja ya siku simu ililia tena, hatukupokea, bibi yake akawa anatembea kutoka chumba hadi chumba. Mtoto alirudi na hasira, akatuambia hatumpendi. Mshauri alikuwa ametuonya kwamba upinzani hupanda kabla haujashuka, na alitupigia katikati ya wiki kuuliza hali yetu sisi. Bila simu ile nadhani bibi angeenda kumchukua. Baadaye kidogo simu zikapungua zenyewe hadi moja, na siku nyingine hakuna. Sitasahau jinsi mke wangu alivyoishika simu ile isiyolia, machozi yakimlenga, akisema, "Kumbe ameweza."

Niliuliza swali la kihasibu: mnajuaje kwamba tiba hii inafaa? Mshauri hakukwepa. Alinionyesha utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wa watoto 488 wenye umri wa miaka 7 hadi 17, waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliopata tiba hii pamoja na dawa, karibu asilimia 81 walipata nafuu kubwa. Tiba peke yake, karibu asilimia 60. Dawa peke yake, 55. Vidonge visivyo na dawa ndani, 24. Kisha akaniambia jambo ambalo mfanyabiashara asingelisema: kati ya watoto 10, wanne hivi hawatoshelezwi na mazungumzo pekee, na ikiwa mjukuu wangu atakuwa mmoja wao atampeleka kwa daktari wa akili wa watoto bila kuchelewa, na hilo halitakuwa aibu ya mtu. Kila baada ya wiki kadhaa dodoso lilijazwa upya na tukaonyeshwa alama. Ziliposimama bila kushuka kwa kipindi fulani, alisema wazi kwamba zimesimama, akabadilisha mpangilio wa ngazi.

Kuhusu usingizi nitasema kwa ufupi. Walitukumbusha kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na kwamba balehe yenyewe husogeza saa ya mwili mbele, hivyo usingizi huchelewa kuja hata asipokuwa mkaidi. Simu ikahamia sebuleni usiku, yetu pia. Hilo lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu lilituhusu wote.

Sasa kasoro, nazo zipo. Kubwa ni muda wa kusubiri. Kutoka kuandikishwa hadi kikao cha kwanza tulisubiri muda mrefu mno, na katika kipindi chote hicho hatukupewa hata karatasi moja ya kutuongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo haya huanza kabla ya miaka 14, nusu kabla ya 18. Naelewa kwa hiyo kwamba foleni ni ndefu na washauri ni wachache. Lakini mtoto anayekosa shule hasimami pale alipo. Kila wiki nyumbani inaongeza masomo aliyopitwa nayo, na aibu ya kurudi inakua juu ya hofu ya kwanza. Ukurasa mmoja wa maelekezo kwa walezi walio kwenye foleni, wenye ile sentensi ya nusu mbili na onyo kuhusu kukimbia, ungeokoa mengi. Nimewaandikia kuhusu hili, wakanijibu kwamba wanalitengeneza.

Kasoro ya pili inaniudhi zaidi kwa sababu ni rahisi kurekebisha. Miadi mingi iko saa za masomo. Tunamtibu mtoto anayekwepa shule, halafu tunamtoa shule aje atibiwe! Nafasi za alasiri zipo lakini huisha haraka, na mapokezi hawakuambii kwamba zipo mpaka uulize. Sisi tuliuliza, tukahamishwa, na kuanzia hapo mjukuu hakuwa tena na udhuru halali wa kuondoka kabla ya kengele.

Chumba cha kusubiria kimepangwa kwa ajili ya watoto wadogo. Viti vifupi, picha za wanyama, vitabu vya kujifunza rangi. Msichana wa miaka 12 hukaa pale akiinamisha kichwa asije akaonekana. Kona moja yenye viti vya kawaida na vitabu vya umri wao ingetosha. Na taarifa kwa shule ilichelewa, mpaka mwalimu wa ushauri akatupigia mwenyewe kuuliza afanye nini mtoto akitetemeka darasani. Ilipofika ilikuwa nzuri sana: ukurasa mmoja, lugha nyepesi, ikieleza kadi ambayo mtoto anaweza kuiweka mezani akihitaji dakika tano nje ya darasa, na sharti kwamba baada ya dakika hizo anarudi darasani, haendi nyumbani.

Huduma hii haifai kwa dharura. Mtoto aliyejidhuru, anayesema anataka kufa, au aliyeacha kula na kunywa, anahitaji hospitali siku hiyohiyo, na kituo chenyewe kinasema hivyo kwenye simu yao. Pia haimfai mlezi anayetaka kumwacha mtoto mlangoni na kurudi baada ya saa moja. Robo ya kazi, labda zaidi, ni yenu, na wakigundua hamuifanyi watawaambia.

Kuhusu ile hofu iliyobaki: asubuhi za mtihani tumbo bado humuuma mjukuu. Humwambia bibi yake, hunywa maji, huchukua mkoba. Mwezi uliopita alisoma kwa sauti mbele ya darasa, ile ngazi ya 10. Safu ya kulia aliandika kwamba sauti ilikatika mara mbili na kwamba hakuna aliyekumbuka baada ya mapumziko. Tiba haikuahidi kumwondolea kengele, kwa sababu kengele hiyo atakuja kuihitaji siku kuna hatari ya kweli. Iliahidi kumfundisha kufanya jambo huku ikilia, na ahadi hiyo imetimizwa. Mshauri sasa anamwona mara chache, akihakikisha kwamba vikao havigeuki kuwa mkongojo.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukipiga simu kujiandikisha, omba nafasi ya alasiri tangu siku hiyo ya kwanza, waambie wakutumie dodoso la mwalimu mapema kwa sababu walimu huchelewa kulirudisha, na uliza kama wana vikao vya walezi. Nenda na yeyote anayelala nyumba moja na mtoto. Sisi tulikwenda wawili, na mara nyingi aliyekumbuka maelekezo usiku wa manane alikuwa yule mwingine.